Pombe na Macho: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Mombasa

Maswali haya yameokotwa pale yanapoulizwa: kwenye benchi la kusubiria kliniki ya macho, kwenye kambi za kupima macho bure Kisauni na Likoni, na mara nyingi zaidi kwenye simu, usiku, na mtu anayesema anamuulizia rafiki yake. Tumeyapa namba ili jibu moja lisirudiwe mara tano. Mwenye dharura aruke moja kwa moja hadi swali la 9.

## Mambo ya mwanzo

1. Pombe inapofusha kweli, au ni maneno ya kutishana?

Inapofusha, tena kwa njia tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ya ghafla: pombe iliyotiwa methanoli, ambayo inaweza kumaliza macho kwa siku moja au mbili (maswali ya 6 hadi 11). Ya pili ni ya polepole: mtu anakunywa miaka nenda miaka rudi, chakula hali vizuri, na neva ya jicho, yaani mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni, inafifia kwa kukosa vitamini (12 hadi 14). Ya tatu huzunguka: pombe inaharibu ini, inapandisha presha, inavuruga sukari, kisha macho ndiyo yanayolipa deni.

Anayekunywa bia mbili mwisho wa mwezi hayumo sana kwenye njia ya pili na ya tatu. Kwenye ile ya kwanza yumo kama mwingine yeyote, kwa sababu glasi moja inatosha.

2. Kiasi gani ndicho salama kwa macho?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hilo halimaanishi kila tone ni upofu. Maana yake ni kwamba hatari hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, na hakuna mstari wa kusema "hapa bado niko sawa".

Watu hukosea zaidi kwenye hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Ukihesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10, chupa hiyo ni vipimo viwili. Anayesema "mie ni chupa tatu tu jioni" yuko kwenye vipimo sita.

3. Mnazi una afadhali? Si ni kitu cha asili?

Mnazi, yaani tembo linalogemwa kwenye mnazi, unaanza kuchacha tangu ukiwa bado kwenye kibuyu juu ya mti. Ule mtamu wa asubuhi ni mwepesi. Wa jioni umeshapata makali. Ukilazwa siku kadhaa unakuwa siki. Alkoholi iliyomo ni ileile iliyo kwenye bia, na ini halijali imetoka kwenye mnazi au kiwandani. Vitamini kidogo za kundi B unazo, ni kweli, lakini alkoholi yenyewe huzuia utumbo kuifyonza B1, kwa hiyo mkono mmoja unatoa na mwingine unanyang'anya.

Methanoli inayotokea yenyewe kwenye mnazi ni kidogo mno kuweza kumpofusha mtu. Hofu iko baada ya mgema kushuka. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yangekuwa heri. Kinywaji kikishapita mikono mitatu kabla ya kufika mangweni, pale unaponywewa, hujui tena umekunywa nini.

4. Kila nikinywa, asubuhi macho ni mekundu. Naharibika?

Wekundu huo ni mishipa midogo ya damu juu ya jicho iliyotanuka. Ongeza moshi wa sigara, usingizi haba, na machozi yaliyopungua ubora (pombe hukausha macho hata kwa vijana wenye afya), na utapata macho ya mtu aliyekesha kwenye baa za Mtwapa. Hupoa kwa siku moja.

Hapa pana kosa tunaloliona kila wiki. Watu wanaogopa jicho jekundu na wanalidharau jicho jeupe. Kati ya waliopoteza macho kwa sababu ya pombe, wengi walikuja na jicho safi, jeupe, lisilouma hata kidogo, ila halioni. Jicho jekundu likuhangaishe pale linapouma sana, linapoona ukungu, au linapobaki jekundu kwa siku kadhaa wakati hujanywa. Na kama wekundu ni nyama inayotambaa kutoka pembeni kuelekea kwenye mboni, hiyo husababishwa zaidi na jua, upepo na vumbi. Wavuvi wasiowahi kuonja pombe wanayo.

5. Nikilewa naona vitu viwiliviwili. Ni ugonjwa?

Ni ulevi. Misuli inayoyaongoza macho mawili yatazame mahali pamoja inalegea. Vikibaki viwili kesho yake ukiwa huna pombe mwilini, nenda hospitali, na usome swali la 14.

## Pombe yenye sumu

6. Methanoli ni nini, na huingiaje kwenye pombe?

Ni alkoholi ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali. Ni rahisi, nayo inalewesha kiasi. Muuzaji asiye na imani huitia kwenye pombe kali ili iwe na nguvu kwa gharama ndogo. Novemba 2000 jijini Nairobi pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100. Mei 2014 ikaua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a, na kati ya waliopona wamo walioamka vipofu.

Methanoli ikiwa bado methanoli haina ukali sana. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, jamii ya ile asidi wanayoirusha wale sisimizi wa majimoto wa kwenye mwembe, na aliyewahi kupanda mwembe anaujua mwasho wake. Ndani ya mwili asidi hiyo huzizuia seli zisitengeneze nguvu. Neva ya jicho ni mlaji mkubwa wa nguvu, ndiyo maana inazimika mapema. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha mtu. 30 zimewahi kuua.

7. Naweza kuitambua kwa harufu, au kwa kuiwasha moto?

Huwezi. Harufu na ladha hazitofautiani kiasi cha kukuokoa. Na lile jaribio la kiberiti, kwamba moto wa buluu ni dalili ya usalama, ni la uongo: alkoholi zote mbili zinatoa moto wa buluu. Tungependa kuwa na jibu jingine, kwa kuwa swali hili halikosekani kambini, lakini hatuna.

8. Tulikunywa wote, mwenzangu haoni, mie niko sawa. Nimeponea?

Bado hujui. Dalili kwa kawaida huanza baada ya saa 12 hadi 24, kwa sababu ini linahitaji muda wa kuitengeneza ile asidi. Ukiwa umechanganya na bia au pombe nyingine ya kawaida, zinaweza kuchelewa zaidi (swali la 10 linaeleza kwa nini). Walioketi meza moja waende hospitali pamoja, hata anayejiona mzima.

9. Nimeamka naona ukungu mweupe baada ya kunywa jana. Nifanye nini sasa hivi?

Nenda hospitali yenye kitengo cha dharura, ile tunayoiita kazualti. Usije kliniki ya macho. Sisi tutakuangalia macho huku damu inazidi kuwa na asidi, na saa zinayoyoma. Hospitali ya Coast General ina mashine za kusafisha damu, na huenda ukazihitaji. Usilale kwanza "ili pombe iishe". Usinywe maziwa wala ndimu ukidhani unaikata sumu.

Vitabu vinasema mgonjwa huona kama yuko kwenye theluji. Hapa petu theluji nani ameiona. Watu hutuambia "kama nimetupiwa chandarua" au "kama moshi wa kuni". Pamoja na hilo huja kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, na kupumua kwa kasi kama aliyetoka mbioni. Ukungu wa macho na kuhema kwa pamoja ni dharura ya dakika hiyo.

Mkifika, semeni neno "methanoli" kwa sauti. Msipolisema, mtu anayenuka pombe anaweza kulazwa pembeni asubiri kulevuka. Bebeni chupa au kilichobaki, na mtaje saa mliyokunywa. Kama mnaogopa gharama au askari, jueni kwamba Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

10. Nasikia tiba ya methanoli ni pombe. Nimpe chupa nzuri ya dukani?

Habari hii ina ukweli wa hatari. Ini hutumia kimeng'enya kimoja kuvunja alkoholi zote mbili, na huipendelea ile ya kawaida. Hospitali zisizo na dawa iitwayo fomepizoli zinaweza kumpa mgonjwa alkoholi ya kawaida kwa vipimo, ili methanoli isubiri nje mlangoni hadi isafishwe kwa mashine. Hufanywa huku damu ikipimwa tena na tena, na asidi ikipunguzwa kwa dripu ya bikaboneti.

Nyumbani hakuna mashine wala kipimo. Ukimnywesha unaahirisha dalili, unamzidishia usingizi, anatapika na kupaliwa. Pesa ya chupa hiyo mpigie tuktuk.

11. Macho yatarudi?

Kwa wengine hurudi kiasi ndani ya siku na wiki za mwanzo. Wengine huona nafuu, kisha yakafifia tena, safari hii moja kwa moja. Daktari akimulika tochi na mboni zikabaki kubwa bila kusinyaa, ni ishara mbaya. Hakuna matone wala miwani ya kufufua neva iliyokufa, na anayekuuzia mafuta ya kuirudisha anakuibia. Aliyebaki na uoni hafifu asikate tamaa ya kufundishwa kutumia ule uliobaki. Kazi hiyo ipo na inafanyika.

## Giza la polepole

12. Baba anakunywa miaka mingi. Amebadilisha miwani mara tatu na bado hasomi. Tatizo nini?

Swali hili ndilo tunalolipenda kuulizwa, kwa sababu likiulizwa mapema lina jibu zuri.

Picha yake ni hii. Mzee anatembea vizuri, anapanda feri bila kushikwa mkono, lakini ujumbe wa M-Pesa anampa mjukuu amsomee. Anaona pembeni, katikati hapaoni. Macho yote mawili kwa pamoja, bila maumivu, kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Rangi zinapauka, hasa nyekundu: nyanya mbivu za soko la Kongowea anaziona kama zimefuliwa. Mara nyingi anavuta na sigara, na jioni chupa ndiyo chakula chake.

Huo ni ugonjwa wa neva ya jicho unaoletwa na upungufu wa vitamini B1, B12 na foleti, pamoja na sumu za pombe na tumbaku. Miwani haisaidii kwa sababu kioo cha jicho hakina kosa. Mpelekeni apimwe rangi, apimwe eneo la kuona, na neva iangaliwe kwa nyuma. Akiacha pombe na sigara, akapewa vitamini na akala, uoni unaweza kurudi kwa wiki na miezi. Neva ikishapauka kabisa, kinachobaki ni kuulinda uliopo.

Jaribio la nyumbani: mzee afunike jicho moja, atazame kizibo chekundu cha soda, kisha abadilishe. Aseme kama wekundu ni uleule, na kama kinafifia akikitazama moja kwa moja lakini kinang'aa kikisogezwa pembeni. Si kipimo cha hospitali, ila kimetuletea wagonjwa kwa wakati. Kumbukeni tu kwamba hapa macho yote mawili yanaweza kuwa yameharibika sawa, kwa hiyo mjukuu naye atazame na walinganishe.

13. Basi nimnunulie vitamini aendelee kunywa kidogo?

Ndoo iliyotoboka haijai. Vitamini zinasaidia pamoja na kuacha, hazifanyi kazi ya kuacha. Chakula kina kundi B la kutosha: kunde, maharagwe, njugu, unga usiokobolewa, mchicha kwa foleti, na samaki, mayai au maziwa kwa B12. Sindano za B12 na B1 ziandikwe na daktari. Vidonge vyenye vitamini A nyingi msivinunue kiholela. Ini lililochoshwa na pombe vinaweza kuliumiza zaidi.

14. Macho yake yanachezacheza yenyewe, anayumba hata siku ambazo hajanywa, na anachanganya maneno.

Hiyo ni dharura sawa na swali la 9. Daktari Mjerumani Karl Wernicke aliueleza ugonjwa huu mwaka 1881. Chanzo chake ni ubongo kuishiwa na vitamini B1. Hutibiwa kwa sindano ya B1, na inapaswa kutolewa kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa sababu sukari peke yake inaweza kuzidisha hali. Macho hupata nafuu upesi, wakati mwingine kwa saa chache. Kumbukumbu, akicheleweshwa, inaweza isirudi.

15. Jua likizama haoni kabisa, mchana yuko sawa.

Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na ini bovu haliwezi kuitunza vizuri. Apimwe ini na macho kwa pamoja. Upofu wa usiku una sababu nyingine pia, zikiwemo za kurithi, kwa hiyo msimlaumu mnazi kabla ya vipimo.

16. Weupe wa macho umegeuka manjano.

Hilo ni ini linaita, macho ni mjumbe tu. Nendeni kwa daktari wa kawaida, wiki hiihii.

## Magonjwa ya macho yaliyozoeleka

17. Pombe inaleta mtoto wa jicho?

Unywaji mkubwa umehusishwa na mtoto wa jicho. Kwa unywaji mdogo tafiti hazikubaliani. Umri, jua, sigara na kisukari vina mkono mzito zaidi. Habari njema ni kwamba mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akaona, tofauti na magonjwa ya neva tuliyoyataja huko juu.

18. Nina glakoma. Rafiki anasema bia inashusha presha ya jicho.

Inashusha kweli, kwa saa chache. Kisha inapanda ilipokuwa, na kwa wanywaji wa kila siku huonekana kuwa juu kidogo. Hiyo si tiba. Isitoshe, glakoma ya kawaida, inayoila neva ya jicho polepole, haiumi, na mtu aliyelewa husahau matone yake ya saa tatu usiku. Tukihesabu macho yaliyopotea, usahaulifu huo unatutia wasiwasi kuliko bia yenyewe. Kama matone yako ni brimonidini, jua pia kwamba yakichanganyika na pombe yanaweza kukuletea usingizi mzito, kwa hiyo usiguse pikipiki.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma apimwe hata kama hajawahi kunywa.

19. Na ule ugonjwa wa uzeeni unaoua uoni wa katikati?

Wanaokunywa zaidi ya vipimo vitatu kwa siku wameonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata hatua zake za mwanzo. Sigara ni adui mkubwa kuliko pombe hapa.

20. Nina kisukari. Bia moja ina neno?

Muulize daktari wako, kwa sababu inategemea dawa. Kwa anayejidunga insulini au anayetumia vidonge vya kushusha sukari, pombe bila chakula inaweza kuiangusha sukari usiku wa manane. Kwa muda mrefu, pombe hupandisha presha, na presha pamoja na kisukari ndiyo njia kuu ya damu kuvuja nyuma ya jicho. Hakikisha retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, inaangaliwa kila mwaka, unywe usinywe.

## Maswali ya pembeni

21. Natafuna muguka na kunywa bia kuupoza. Macho?

Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, hutanua mboni, ndiyo maana jua la saa sita linakuchoma. Kwa wachache wenye macho yenye pembe finyu, mboni kutanuka kunaweza kupandisha presha ya jicho ghafla: jicho jekundu, linauma, kichefuchefu, taa zina duara la rangi. Hapo kimbia hospitali. Jambo jingine ni kwamba muguka huficha ulevi, ukanywa zaidi bila kujua.

22. Niko kwenye dawa za TB.

Mojawapo, ethambutoli, inaweza kuumiza neva ya jicho, na dalili zake ni kama za swali la 12. Ukinywa pombe juu yake, ukungu ukija hutajua wa kumlaumu nani, na ini lako linabeba mizigo miwili. Usiache dawa mwenyewe. Rudi kliniki ya TB siku hiyohiyo rangi zinapoanza kupauka.

23. Mjamzito akinywa, mtoto atazaliwa na macho mabovu?

Anaweza kuzaliwa na neva ya jicho ndogo, makengeza, au macho ambayo uwazi wake, kona hadi kona, ni mfupi, pamoja na matatizo ya ubongo. Asinywe kabisa.

24. Sanitaiza imemrukia mtoto jichoni.

Osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, ukimfungulia kope hata akilia, kisha mlete. Vyombo vya sanitaiza milangoni hukaa usawa wa uso wa mtoto. Hatujui nani aliyepanga vile.

25. Mie ni Muislamu, kwenye boksi la machozi ya bandia nimeona neno alkoholi.

Huenda ni polivinili alkoholi, kitu cha kulainisha kinachofanana na gundi nyepesi. Hakileweshi na hakina uhusiano na ulevi isipokuwa jina. Suala la matone na saumu, muulize shehe wako. Sisi tunaweza tu kukupangia matone yenye saa zinazobadilika.

26. Nimeamua kuacha leo. Niache kwa mkupuo?

Kama unakunywa kila siku, na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka, usiache peke yako nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege na kuweweseka. Nenda hospitali uachishwe kwa dawa. Hata aliyepangiwa upasuaji wa jicho aseme mapema, kwa sababu kutetemeka juu ya meza ya upasuaji si jambo dogo.

27. Nikimwambia daktari nanywa, habari itafika nyumbani?

Haitakiwi kufika. Anachoambiwa mhudumu ni siri ya mgonjwa. Lakini tunaujua mji wetu: kwenye benchi kuna jirani, shemeji, na mtu wa msikiti mmoja, na nesi anauliza kwa sauti. Ndiyo maana wazee wengi hutuambia "sinywi", tukazunguka miezi mitatu tukitafuta uvimbe kichwani, kumbe ni vitamini. Omba mlango ufungwe. Ukishindwa hata hivyo, andika kiasi unachokunywa kwenye kipande cha karatasi, ukikunje, utuwekee mezani bila kusema neno.